Mkubwa ana miaka 16, mdogo ana 4: twacheza nini?

Nina watoto watatu na sijaona bado mchezo wa dukani unaowafaa wote. Wa kwanza ni msichana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu. Nyumbani tunamwita Bi Mkubwa, jina alilopewa na bibi yake kwa sababu tangu mdogo akisema kama mtu mwenye wajukuu. Wa pili ni mvulana wa miaka 11 anayeamini kwamba kila jambo lina mshindi, hata kula chakula cha mchana. Kitindamimba ana miaka 4 na kazi yake hapa duniani ni kushika vitu. Ukisema usishike, ameshashika.

Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi. Tunakaa Mtoni, Unguja, lakini kazi zangu nyingi ziko mahotelini huko shamba, Nungwi na Kiwengwa, na msimu wa wageni ukichanganya narudi nyumbani watoto wameshalala. Kwa hivyo mimi na wao tuna Ijumaa baada ya sala na tuna Jumapili, basi. Ushauri mwingi niliosoma kuhusu wazazi na watoto huwagawa kwa umri: wa miaka 3 hadi 5 fanya nao hili, wa 6 hadi 10 fanya nao lile, vijana wafanyie lile jengine. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye Ijumaa tatu kwa wiki.

Mimi nimeshika njia moja. Natafuta shughuli ya kweli, ambayo mwenyewe ningeifanya hata watoto wasingekuwepo, halafu natazama ndani yake: yupi anaweza kubeba nini? Mtoto wa miaka 16 ukimwambia "njoo tucheze" anakutazama kama umepotea njia. Mwambie "nisaidie, hili siliwezi peke yangu," anakuja akiguna, lakini anakuja. Wa miaka 11 anataka cheo. Wa miaka 4 anataka ndoo, maji, au kitu cha kuhesabu. Na wote watatu wanajua, sijui kwa njia gani, pale baba anapojilazimisha kufurahi.

Nianze na bahari, maana ndiyo rahisi kuliko yote.

Mamkwe wangu anakaa Jambiani. Tunapanda daladala ya 309 asubuhi mapema, na siku ya kwenda haichaguliwi na sisi, inachaguliwa na mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa na kutoka sana kuliko siku nyingine, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo, kwetu huku, maji hujaa mnamo saa kumi za jioni na hutoka kabisa mnamo saa nne za asubuhi, halafu kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50. Maana yake mtu akijua leo ni mwezi ngapi kwa hesabu ya Kiislamu, anajua aondoke nyumbani saa ngapi, bila ya simu wala jedwali. Mwanangu wa kiume kalishika hilo barabara. Siku hizi akiwa chuoni, kwenye Kurani, anaulizwa mwezi ngapi, anajibu na saa ya maji juu yake, na mwalimu wake hajafurahi sana.

Bamvua likitoka Jambiani, bahari nzima inakuwa uwanja. Unatembea mpaka miguu ichoke na mwamba bado uko mbele. Huko katikati ndiko yalipo mashamba ya mwani. Mamkwe ni miongoni mwa kina mama walioanza zamani. Kilimo cha mwani cha biashara upande huu wa mashariki kilianza mwaka 1989, na yeye husema mwaka huo kama mtu anavyotaja mwaka wa harusi yake. Bi Mkubwa akifika tu anakaa naye chini, wanafunga mbegu kwenye kamba. Ndiko alikosikia kwamba ile aina ya kotonii, yenye bei nzuri, inakufa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu maji yamezidi joto, na kwamba kina mama wengi wamebaki na spinosumu yenye bei ndogo. Alirudi akaniambia mimi, kwa sauti ya kunifundisha. Nilikuwa najua, lakini nikanyamaza na kusikiliza. Kule kwenye kamba wanazungumza mengine pia, ya wanawake, na mimi hukaa mbali makusudi. Si mbali sana.

Mvulana nimempa unahodha wa maji. Anachomeka kijiti ukingoni mwa maji tukifika, na kila mara anakwenda kukitazama. Maji yakikipita kijiti, anapiga ukelele na wote lazima tugeuke, hata bibi yake. Si mchezo wa kumtuliza, maana maji yanaporudi huanza kujaza vijito vilivyo nyuma yenu, mkajikuta mmesimama kwenye kisiwa. Mara moja alitugeuza mapema mno kwa sababu alikuwa na njaa. Tulitii. Nahodha ni nahodha.

Mdogo ana ndoo. Anatia maji ya bahari, anatia kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, anatia vile vikaa vinavyoishi ndani ya makombe ya wenzao, anavitolea hotuba, halafu anavirudisha. Sheria zetu ni mbili. Ya kwanza, raba miguuni muda wote, maana miiba ya kule chini haichagui mtoto. Ya pili, chenye uhai hakiendi Mtoni. Kombe tupu ruhusa, lakini lichungulie kwanza, usije ukamhamisha mtu na nyumba yake.

Tukirudi ufukweni sote tumechoka uchovu mmoja, na hilo si jambo dogo. Kwa kawaida ukimchosha wa miaka 4, wa miaka 11 ndiyo kwanza anaanza.

Shughuli ya pili ni yangu mimi kwa sababu ya kazi yangu, lakini nadhani kila nyumba ina namna yake. Uani nina banda la vitu vibovu: mafeni, pasi, redio, jiko la umeme ambalo mwenyewe hakurudi tena kulichukua. Ijumaa baada ya chakula tunatoa kimoja tunakifungua. Hatutafuti kukitengeneza, tunataka kuona tumboni kuna nini.

Mdogo anapewa trei tupu la mayai. Kila skurubu inayotoka ina shimo lake, kwa mpangilio wa kutoka, ili tukitaka kurudisha tuanze kutoka mwisho. Ni mlinzi mkali wa trei lile. Jirani aliwahi kuazima skurubu moja hapo, akafuatwa mpaka mlangoni kwake. Mvulana anafungua kwa bisibisi na anajihesabia dakika kwa sauti. Bi Mkubwa ana mita. Nilimuonesha namna ya kupima kama waya umekatika, mita ikilia njia ipo, isipolia haipo, na tangu hapo hanipi tena.

Kuna feni ya jirani ililetwa ikiwa na ugonjwa ule wa kawaida: ukiwasha inanguruma, haizunguki mpaka uisukume panga lake kwa kidole, na ikizunguka inakwenda kivivu. Niliwauliza watoto kabla ya kugusa kitu. Mvulana alisema ina njaa. Bi Mkubwa akafikiri, akasema: "Ba, ikisukumwa inaendelea, kwa hiyo mota nzima. Kinachokosekana ni wa kuianzishia." Basi ndiyo kapasita hiyo, kitu cha bei ndogo. Alibadilisha mwenyewe mimi nikimshikia tochi, na jirani alimlipa yeye, si mimi. Zile pesa ziliishia kwenye vocha ya simu, lakini sikusema neno, ni jasho lake.

Kwa atakayejaribu nyumbani: kata kabisa waya wa plagi kabla kifaa hakijafika mikononi mwa mtoto. Kapasita huweza kubaki na umeme hata kifaa kikiwa kimezimwa, kwa hiyo mtu mzima aitoe chaji kwanza, na kama hujui namna ya kuitoa, usifungue chenye kapasita. Televisheni za zamani zenye chupa usiziguse. Na friji bovu lisiwe mchezo wa mtoto hata kidogo. Mabomba yake yana gesi, na mlango wake ukimfungia mtoto ndani hawezi kuusukuma. Friji la zamani likikaa uani kwangu, jambo la kwanza ni kung'oa mlango.

Sasa bao.

Bao nililijua vizuri kwa sababu ya giza. Wenye umri wangu wanakumbuka: Disemba 2009 umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Karibu miezi mitatu. Fundi wa friji kwenye mji usio na umeme ni mtu asiye na kazi ya aina yoyote. Bi Mkubwa alizaliwa humohumo, akaletwa nyumbani kwa taa ya chemli, na mimi mchana kutwa nikawa barazani kwa wazee nikitazama bao. Mwanzo walinifukuza kwa macho. Baadaye wakaniacha nihesabu kete. Baadaye sana wakaniruhusu nifungwe.

Watoto hawaanzi na bao lenyewe, maana bao la Kiswahili ni zito. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mwanzo wa mchezo kila mtu ana kete 10 tu ubaoni, 6 kati yake zikiwa kwenye shimo linaloitwa nyumba, na 22 zimebaki mkononi. Unazinamua, yaani unaziingiza ubaoni, moja moja, na ndani ya namua hiyo tayari watu wazima wanatokwa na jasho. Wape watoto bao la kujifunza. Kila shimo kete mbili, hakuna ya mkononi, mnaanza kula mara moja. Mtoto wa miaka 7 au 8 analiweza. Mvulana wangu alilicheza mpaka akachoka kunifunga, ndipo akaomba mwenyewe lile la wakubwa.

Mdogo ni mwenye komwe, zile mbegu ambazo ndizo kete zetu. Zote ziko kwenye mfuko wa kitambaa aliomshonea mama yake, na hakuna mchezo mpaka azihesabu mbele ya wote: moja, mbili, tatu, kisha mahali fulani kwenye ishirini na kitu anaruka anakokutaka, lakini mwisho lazima ufike sitini na nne. Tunasubiri kwa adabu. Wengine hapa wameanza mchezo na kete pungufu kwa heshima ya hesabu yake.

Bao la mtaani ni la wanaume, na mtoto wa kike wa miaka 16 hawezi kwenda kuketi baraza ile. Kwa hiyo ubao wetu uko kwenye ukumbi wetu wenyewe, mlango wazi, na anayepita anatusalimu. Siku moja mzee mmoja, mtu wa bao kweli, aliingia kuulizia kiyoyozi cha msikitini, akakuta Bi Mkubwa amefungua ubao. "Shikamoo babu." "Marahaba. Nani anacheza hapa?" "Mimi." Akacheka, akaketi. Akafungwa. Alinyanyuka taratibu, akasema leo hakuvaa miwani, akaondoka bila kunieleza kiyoyozi kina nini.

Mwanzoni nilidhani wakubwa wawili wakicheza, mdogo atakuwa mzigo. Lakini bao lina nafasi ya mtazamaji. Kila Mzanzibari anajua kwamba aliyesimama pembeni anaona vizuri kuliko anayecheza, na ana haki ya kusema. Mke wangu hajawahi kukaa kwenye ubao, lakini akipita na sinia anatupa neno moja, "hapo utalala," yaani kete yako ya mwisho itaangukia shimo tupu na zamu itakutoka, na analala mtu kweli.

Jumapili nyingine tunapika urojo, na hapa nawapa pole watu wa bara mnaodhani urojo ni supu. Kazi yake inagawanyika kana kwamba aliyeubuni alikuwa na watoto wa umri mbalimbali. Mdogo anakamua ndimu, na nusu inakwenda machoni. Mvulana anakwaruza muhogo wa chipsi na kuponda viazi vya kachori. Ni lazima kachori ziwe sawa kwa ukubwa, kwa sababu atazihesabu baadaye na kuna mashitaka. Bi Mkubwa anashika sufuria lenyewe: unga wa ngano na manjano, maji kidogo kidogo, embe mbichi iliyochemshwa na kupondwa, anakoroga mpaka uwe mzito wa kushika kijiko lakini usiwe uji. Mimi nimeachiwa kukaanga bajia kwa sababu mafuta ya moto ni ya mtu mzima, na pia kwa sababu ndiyo kazi ambayo mtu anaweza kula huku akifanya. Mama yao hana kazi siku hiyo. Anakaa kibarazani na kikombe cha chai na kutoa hukumu juu ya chatine.

Kitu kimoja nilichokiona: mwenye kushika pilipili ndiye mwenye madaraka. Tunapeana zamu. Zamu ya mvulana tulilia sote.

Yapo mengine mafupi mafupi. Kusi likivuma tunatengeneza tiara kwa chelewa za fagio, gazeti na gundi ya uji wa ngano, mkia tunaufanya kwa vipande vya kanga iliyochakaa. Tiara ikizungukazunguka na kupiga kichwa chini, ongeza mkia. Mvulana amejaribu mikia ya kila urefu na ana maoni. Msitu wa Jozani tulikwenda kuona kima punju, ambao asili yao ni Unguja tu. Nilipowaambia kwamba kima wale hawana gumba, mdogo alijaribu kula ndizi bila gumba siku nzima. Nilipowaambia kwamba hula makaa, kwa sababu makaa huwapunguzia sumu ya majani wanayokula, mama yao alinitazama vibaya, na sababu yake ilionekana jioni, tulipomkuta mdogo jikoni na mdomo mweusi. Kisiwa cha Changuu kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, wamepakwa namba za umri migongoni. Mvulana alikwenda akitoa miaka ya kila kobe kwenye mwaka huu ili ajue alizaliwa chini ya sultani yupi. Hiyo ilikuwa bora kuliko somo la historia, japokuwa nauli ya boti kwa watu watano si ya kila mwezi.

Forodhani usiku ni pazuri kwa kula na kutazama vijana wakijitupa baharini. Kwa mazungumzo na watoto hapafai, kila mmoja anatazama upande wake na mimi natazama mfuko. Gemu ya mpira kwenye simu pia nimecheza na mvulana. Nafungwa mabao mengi, anafurahi, imekwisha. Sina ugomvi nayo, lakini sijawahi kusikia neno jipya kutoka kwake tukiwa tunacheza.

Na hapo ndipo ninapotaka kusema habari ya karafuu.

Mimi kwetu ni Pemba, kijiji kimoja nje ya Wete. Msimu wa karafuu ukigongana na likizo ya skuli tunapanda meli ya usiku, tunakwenda kwa mama yangu. Watoto hawapandi miti. Mkarafuu ni mrefu na matawi yake ni mepesi kukatika, kila msimu kuna mtu anaanguka, na mimi sina mtoto wa akiba. Kazi ya watoto, na ya wazee, na ya kila mtu, inaanza jioni magunia yakishafika nyumbani.

Jamvi linatandikwa uani. Karafuu zinamwagwa katikati, bado mbichi, kijani na wekundu kidogo, zikiwa zimeshikana kwenye vikonyo vyake. Tunakaa duara. Unachukua kishada, unakibana kiganjani, unakisugua kwa gumba mpaka karafuu zitoke. Karafuu upande huu, makonyo upande ule, maana makonyo nayo yana bei yake, ingawa ndogo. Mikono inanata na kunukia mpaka siku ya tatu. Asubuhi zinaanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka ziwe kahawia na zikatike kwa sauti ukizivunja. Kilo tatu mbichi zinabaki kama kilo moja kavu. Wingu likionekana, nyumba nzima inakimbia kukunja majamvi, na hapo ndipo utaona mvulana wangu ana kasi gani, kwa sababu anashindana na mvua.

Kuchambua hakuna mkubwa wala mdogo. Wa miaka 4 anaweza. Anachambua kishada kimoja kwa muda ambao bibi yake anamaliza pishi, lakini anaweza, na hakuna anayejifanya amefanya kazi nzuri kuliko alivyofanya, maana rundo la kila mtu liko mbele yake.

Kilichonishangaza ni maneno. Watu wakikaa duara na mikono ina kazi, macho yote yako chini, hakuna anayemkazia macho mwenziwe. Giza linaingia, taa iko moja mlangoni. Hapo Bi Mkubwa, ambaye Mtoni nikimuuliza skuli vipi ananijibu "kawaida," alianza mwenyewe kusema kwamba rafiki yake wa siku zote amehama dawati, amekwenda kukaa na wengine, na hakumwambia kwa nini. Nilikuwa tayari na mawaidha marefu. Mama yangu akaniwahi: "Basi na wewe hama. Kaa mbele, ujue atakutafuta au hakutafuti." Akarudi kwenye karafuu zake. Bi Mkubwa akacheka. Skuli zilipofunguliwa alihama dawati. Yaliyofuata baada ya hapo hayanihusu, nimeambiwa hivyo rasmi.

Halafu vinakuja vitendawili. Mama yangu: "Kitendawili!" Sisi: "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai, hata mdogo anakijua, na anakijibu kabla hakijatoka mdomoni. "Popoo mbili zavuka mto." Macho. Kikiwashinda, mtegaji anasema nipeni mji, na hapo mvulana kila mara anatoa Barcelona. Mama yangu hapokei. Anataka mji anaoujua. "Nipe Micheweni. Nipe Konde. Huko kwengine nitafikia kwa nani?" Basi kwa njia hiyo watoto wa Mtoni wamejua vijiji vya Pemba vizuri kuliko mitaa ya kwao, na mama yangu akipewa mji huwa anausafiri kwanza kabla ya kutoa jibu: kaenda, kapokewa na nani, kapewa ndizi na pweza, kalala, asubuhi kaambiwa jibu.

Mdogo naye hutega vyake. "Kitendawili!" "Tega!" "Kina miguu miwili na kinanuka." Tukafikiri: kuku? Bata? Tukatoa Chake Chake, tukatoa Mkoani, akakataa yote kama bibi yake anavyokataa Barcelona. Mwisho akasema kwa ushindi mkubwa: "Kaka!"

Nimewahi kuulizwa na wenzangu kazini, wasio na shamba la karafuu wala mamkwe wa Jambiani, wafanye nini. Chagueni kazi ya mikono isiyotaka akili nyingi. Kuchambua mchele au kunde. Kusuka ukili, kama kuna mzee wa kuwafundisha, na akiwepo mkimbilieni kabla hajachoka. Kutengeneza mishipi na kwenda kuvua pale gatini. Simu ziwekwe ndani, ya baba ikiwa ya kwanza, maana watoto wanaitazama hiyo. Na msianze na maswali. Mkianza na maswali mtapata "kawaida."

Kuhusu safari ijayo, bado tuna mzozo. Mvulana anataka boti ya haraka, mimi nataka meli ya usiku kwa sababu ya bei, na Bi Mkubwa anataka aje na rafiki yake. Nimemuuliza rafiki yupi, akasema "yule."

Kabla sijayatuma maandishi haya nimempa ayasome, kwa sababu ameshafika umri wa kukataa kuandikwa. Ameyakubali yote ila jambo moja. Anasema yule mzee wa bao miwani alikuwa ameivaa.